Kenya na Tanzania: nani anajenga zaidi, na kilichojengwa kinafanya kazi?

Ukisimama Namanga, kwenye foleni ya malori yanayosubiri kugongewa mihuri, utaona nyaya nene za umeme zikivuka mpaka. Ni laini ya kilovolti 400 inayotoka Isinya upande wa Kenya, inapita Arusha na kuishia Singida. Iliwashwa mwishoni mwa 2024. Ungedhani inabeba umeme wa Bwawa la Mwalimu Nyerere kwenda kuuzwa Nairobi, maana bwawa lile la Rufiji lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115, na mwaka huohuo ilipoanza kuzalisha ilibidi vituo vingine vya umeme wa maji vizimwe kwa sababu umeme ulizidi matumizi. Lakini Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia, upitie Kenya, uje uhudumie mikoa ya kaskazini ya Tanzania. Sababu aliyoitoa ni ya kihesabu: umeme unaosafirishwa kutoka Rufiji hadi Kilimanjaro hupotea mwingi njiani, na hasara hiyo ina gharama.

Naanza na nyaya hizo, zinazoonyesha kwamba kujengwa si sawa na kutumika, kwa sababu ya ubishi ninaokutana nao kila mara takwimu mpya zinapotoka. Mmoja anasema Tanzania inawekeza asilimia 40 ya Pato la Taifa na Kenya haifiki 20, kwa hiyo Tanzania ndiyo inayoelekea mbele. Mwingine anajibu kwamba uchumi wa Kenya ni mkubwa kuliko wa Tanzania, kwa hiyo hiyo 40 ni ya nini? Wote wawili wameshika namba sahihi, ila kila mmoja ameshika kipande chake. Ukitaka kuchagua ni nchi ipi ya kuigwa, au ipi ya kupeleka mtaji wako, au hata ni kipimo gani cha kutumia kwenye tasnifu yako, inabidi uziweke namba zote mezani na uzirudishe nyuma miaka hamsini.

Kwanza, kinachohesabiwa ni nini

Kwenye vitabu vya takwimu vya Tanzania utakuta neno "ukuzaji rasilimali". Hicho ndicho wachumi wanachokiita uwekezaji wa taifa, na hakifanani na uwekezaji tunaouzungumza mtaani. Ukinunua kiwanja Kitengela au Kibaha ukakiacha kipande bei, hujawekeza chochote kwa macho ya takwimu; pesa imehama mfuko tu. Ukinunua hisa, vilevile. Ukinunua nyumba iliyokuwapo, vilevile. Lakini ukimwaga msingi, ukapandisha tofali kozi tatu, ukaishiwa na kuacha nondo zimechomoza juu kama vidole mpaka upate bonasi ya mwakani, zile kozi tatu zimeingia kwenye ukuzaji rasilimali wa mwaka huu. Michai ikipandwa imeingia. Ng'ombe wa maziwa anaingia. Mashine ya kukoboa, lori, daraja, utafutaji wa madini na programu ya kompyuta ya benki, vyote vinaingia.

Ona basi kilichofichika hapo. Kipimo hiki kinahesabu gharama ya kitu siku kinapojengwa. Hakiulizi kama kitatumika. Nyumba yenye nondo zilizochomoza kwa miaka sita ni uwekezaji. Kiwanda kilichofunguliwa kwa ngoma na kufungwa kimyakimya ni uwekezaji pia, na hakifutwi kwenye jedwali la mwaka kilipojengwa.

Miaka ya viwanda na mabwawa

Katika miaka ya 1970 nchi hizi mbili zilikuwa zinawekeza viwango vinavyokaribiana, kati ya sehemu moja ya tano na robo ya Pato la Taifa. Tofauti ilikuwa nani anayejenga.

Tanzania, baada ya Azimio la Arusha la 1967, serikali ndiyo iliyobeba zege. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba. Kisha vikaja viwanda vya nguo, vya karatasi, vya saruji, vingi kwa fedha za wahisani na Benki ya Dunia.

Kiwanda cha viatu cha Morogoro kinastahili tukisogelee kidogo. Kilifadhiliwa na Benki ya Dunia mwishoni mwa miaka ya 1970, na kilikusudiwa kuivalisha nchi nzima viatu kisha kuuza mamilioni ya jozi Ulaya. Mashine zilikuwa mpya. Kilichokosekana ni ngozi yenye ubora, vipuri, fedha za kigeni za kuvinunua, na mnunuzi wa Ulaya aliyekuwa anavisubiri viatu hivyo. Kwa wastani hakikuwahi kuvuka asilimia 5 ya uwezo wake, na kufikia 1990 kilikuwa kimefungwa. Kwenye takwimu za uwekezaji za miaka ile, kila boriti ya kiwanda kile imo.

Na hakikuwa peke yake. Katikati ya miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera, mishtuko miwili ya kupanda kwa bei ya mafuta ndani ya muongo mmoja, na mashirika ya umma kuelemewa na hasara, viwanda vya Tanzania vilikuwa vinafanya kazi chini ya theluthi ya uwezo wake. Watu walipanga foleni ya sabuni na sukari huku nchi ikiendelea kuandikwa kuwa inawekeza sehemu kubwa tu ya pato lake. Ukimuuliza mtu aliyeishi miaka ile kiwango cha uwekezaji kilikuwaje, atakucheka.

Kenya ilipita njia nyingine, ingawa si safi kama inavyosimuliwa. Serikali ilijenga mabwawa ya Mto Tana mfululizo: Kindaruma 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Wakati huohuo, mkulima mdogo wa Nyeri na Kericho alikuwa anapanda michai yake mwenyewe na kupeleka majani kwenye viwanda vya KTDA, mamlaka ya maendeleo ya chai iliyoundwa 1964. Bei ya kahawa ilipopaa mwaka 1976 na 1977, fedha nyingi zilifika hadi kijijini, na nyumba za mawe zikaota. Uwekezaji wa namna hii haukatiwi utepe. Ila mche wa chai uliopandwa 1970 bado unachumwa, na bwawa la Masinga bado linazungusha mitambo.

Nikilazimishwa kuchagua mshindi wa kipindi hicho, ni Kenya, na tofauti ya asilimia mbili au tatu kwenye jedwali haina uhusiano na uamuzi wangu.

Muongo ambao wote walikaa chini

Miaka ya 1990 ilizishusha zote mbili. Mwishoni mwa muongo huo kila nchi ilikuwa inawekeza katikati ya kumi na ishirini kwa mia, na sehemu ya hizo ilikuwa inaziba tu uchakavu: kuweka kiraka barabara ya zamani, kubadilisha injini ya basi lililokwisha choka.

Kenya wahisani walisimamisha misaada Novemba 1991. Ikafuata kashfa ya Goldenberg, ya malipo ya serikali kwa dhahabu iliyodaiwa kuuzwa nje, mfumuko wa bei, na serikali kukopa ndani kwa riba za kutisha. Mwaka 1993 hati za muda mfupi za serikali zililipa zaidi ya asilimia 70 kwa mwaka. Jiweke kwenye nafasi ya mwenye kiwanda cha mabati Nairobi mwaka ule. Una shilingi milioni kumi. Unaweza kuagiza mashine, upambane na bandari, umeme na wateja wasiolipa, au uipe serikali fedha zako ukae nyumbani. Hakuna mtu mwenye akili timamu aliyenunua mashine.

Tanzania ilikuwa inafanya jambo jingine: inabomoa ili ijenge. Mageuzi yaliyoanza 1986 yalifika kwenye mashirika ya umma mwaka 1992, na viwanda vikaanza kuuzwa kimoja baada ya kingine. Kiwanda cha bia kikapata mbia 1993. Kituo cha Uwekezaji kikaanzishwa 1997. Na kisha ikaja dhahabu: mgodi wa Golden Pride kule Nzega, halafu Geita mwaka 2000, halafu Bulyanhulu 2001. Mgodi ni uwekezaji mkubwa unaoingia ghafla. Miaka miwili ya kuchimba na kufunga mitambo inaweza kuinua namba ya taifa zima. Pamoja na kufutiwa madeni mwaka 2001 na tena 2006, Tanzania ikaanza kupanda mlima ambao haijashuka hadi leo.

Njia zinapoachana

Kuanzia hapo mistari miwili kwenye grafu inafunguka kama mkasi. Tanzania ilivuka asilimia 25, ikafika 30, na katika miaka ya karibuni inazunguka 40. Kenya ilipanda baada ya Kibaki kuingia Ikulu mwishoni mwa 2002, ikavuka 20, kisha ikarudi polepole hadi chini ya 20.

Kabla hujashangilia wala kuomboleza, kuna mtego hapa wa mwaka wa kizio, yaani mwaka unaotumika kama msingi wa kupima uchumi. Septemba 2014 Kenya ilihesabu upya uchumi wake na kugundua ni mkubwa kwa takribani robo kuliko ilivyodhaniwa. Septemba 2021 ikahesabu tena, ikitumia 2016 kama kizio. Tanzania nayo ilihamia kizio cha 2015 mapema 2019. Pato likiongezeka kwenye karatasi, asilimia ya uwekezaji inaweza kuanguka bila hata fundi mmoja kuweka mwiko chini. Na uhesabuji upya ukigundua majengo ambayo hayakuwa yakihesabiwa, asilimia inaruka juu. Kwa hiyo ukichukua namba ya Kenya ya 2010 kutoka kitabu cha zamani na ya Tanzania kutoka kitabu kipya, ulinganisho wako ni batili hata kama kila namba ni halali. Chukua zote kutoka mfululizo mmoja, wa kizio cha karibuni. Hili nimeliona likiharibu kazi za watu wazima.

Sasa tuweke hali ya miaka ya karibuni upande kwa upande. Namba ni za kukadiria, nimezikata mkia ili zisomeke:

| | Kenya | Tanzania |
|---|---|---|
| Pato la Taifa, 2023 | karibu dola bilioni 108 | karibu dola bilioni 79 |
| Uwekezaji kwa mia ya pato | chini ya 20 | karibu 40 |
| Uwekezaji kwa dola | bilioni 19 hivi | bilioni 31 hivi |
| Kwa kila mtu | dola 370 hivi | dola 480 hivi |
| Wastani wa ukuaji 2020–2024 | asilimia 4.5 | asilimia 5.0 |

Mstari wa tatu huwashtua Wakenya wengi. Tanzania, yenye uchumi mdogo zaidi, inaweka kwenye zege na chuma dola nyingi kuliko Kenya. Hata ukigawa kwa watu, na Tanzania ina watu wengi zaidi (milioni 61.7 kwa sensa ya 2022, dhidi ya milioni 47.6 za Kenya kwa sensa ya 2019), bado iko mbele.

Mstari wa mwisho nao unapaswa kuwashtua Watanzania. Mara mbili ya juhudi, na ukuaji unaozidi kwa nusu asilimia tu! Gawanya 40 kwa 5 upate 8: Tanzania inatumia takribani shilingi nane za uwekezaji kupata shilingi moja ya ongezeko la pato. Kenya, ukigawa 18 hivi (bilioni 19 kwa kila 108) kwa 4.5, inatumia takribani nne. Kwa lugha ya jikoni, mmoja anachoma magunia mawili ya mkaa kuivisha chungu kilekile.

Naomba usikimbilie kuhukumu. Hesabu hiyo ina hila zake. Miaka mitano hiyo imebeba janga la korona, ambalo liliishusha Kenya hadi hasi 0.3 mwaka 2020 na kuirusha hadi 7.6 mwaka uliofuata. Na muhimu zaidi, bwawa linalojengwa kwa miaka sita halileti hata uniti moja ya umeme kwa miaka mitano ya kwanza. Gharama yake imo kwenye 40, faida yake haijaingia kwenye 5. Ni sawa na kumlaumu mkulima wa korosho kwamba miche aliyopanda mwaka jana haijazaa.

Reli mbili

Hakuna mahali pazuri pa kuona tofauti kuliko kwenye reli za kisasa, maana nchi zote mbili zimejenga, kwa upana uleule wa njia, zikianzia bandarini.

Kenya ilitangulia. Mombasa hadi Nairobi, kilomita 472, treni ya dizeli, ilizinduliwa 31 Mei 2017. Sehemu kubwa ya fedha ilitoka benki ya serikali ya China inayokopesha miradi ya nje. Oktoba 2019 ikafika Naivasha na kusimama hapo, mbali na Malaba, mpakani na Uganda, ambako mzigo wa Uganda ulikuwa unasubiriwa. Ukitazama grafu ya uwekezaji wa Kenya, miaka ya ujenzi ndiyo iliyo juu, na mteremko unaanza reli ilipokwisha. Watu wanausoma mteremko huo kama ugonjwa. Sehemu yake ni ugonjwa kweli, nitaufikia, lakini sehemu nyingine ni kwamba kazi iliisha. Uwekezaji ni mtiririko. Mkandarasi akiondoka, namba inashuka, hata kama abiria wamejaa kwenye treni.

Tanzania ilianza 2017, wakati Kenya inamaliza. Treni ya umeme, Dar es Salaam hadi Morogoro kisha Dodoma, mkandarasi Yapi Merkezi wa Uturuki. Abiria wa kwanza wa Morogoro walipanda Juni 2024, na Dodoma ikafikiwa mwezi uliofuata. Vipande vya kwenda Tabora, Isaka, Mwanza na Kigoma viliingia mikataba mmoja baada ya mwingine, kwa hiyo mtiririko haukukatika. Changanya na bwawa la Rufiji lililosainiwa Desemba 2018 kwa zaidi ya shilingi trilioni 6.5, daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, na bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443, nyingi zikiwa ndani ya Tanzania. Bomba hilo, kumbuka, Uganda iliwahi kufikiria kulipitisha Kenya. Ikaamua Tanga mwaka 2016. Uamuzi mmoja wa Kampala umehamisha mabilioni ya dola kutoka jedwali moja kwenda jingine.

Ukiniuliza reli ipi bora, nitakuuliza mzigo. Abiria wanapendeza kwenye picha, ila reli ya gharama hiyo inalipwa na makontena. Kenya ilifikia hatua ya kuwalazimisha waagizaji kusafirisha mizigo kwa reli, na malalamiko ya wenye malori Mombasa yalisikika hadi mahakamani. Tanzania mtihani huo ndio kwanza unaanza.

Nani anatoa pesa

Hapa ndipo penye uamuzi, na ndipo wengi wanapopita haraka.

Kenya ilikwenda kwenye soko la dunia mwaka 2014 na kuuza hati fungani, yaani kukopa kwa wawekezaji; dola bilioni 2 kati ya hizo zilikuwa za miaka kumi. Zilipokaribia kuiva Juni 2024, hofu ikatanda. Februari mwaka huo serikali ikalazimika kukopa dola bilioni 1.5 nyingine ili ilipe sehemu kubwa ya zile za mwanzo. Mwezi huohuo ikauza ndani hati fungani ya miundombinu ya miaka minane na nusu kwa riba ya asilimia 18.46, isiyokatwa kodi. Rudi kwa yule mwenye kiwanda cha mabati wa 1993. Mwaka 2024 mwanawe ndiye aliyekuwa mkurugenzi, na swali mbele yake lilikuwa lilelile. Ni mashine gani ingemlipa asilimia 18.46 kila mwaka, baada ya kodi, bila usingizi kukatika? Huu ndio ugonjwa niliousema. Serikali ilikopa kulipa madeni, benki zikapendelea serikali, na mwenye kiwanda akabaki na mashine ya babake. Juni 2024 vijana walipojaa barabarani na Muswada wa Fedha ukaondolewa, kitu cha kwanza kilichopunguzwa kwenye bajeti kilikuwa fedha za maendeleo. Mishahara na riba hazikatwi kirahisi, barabara inakatwa.

Hata hivyo uchumi wa Kenya haukusimama, na hilo linahitaji maelezo. Sehemu kubwa ya kinachoikuza Kenya haihitaji zege nyingi: benki, mawasiliano, biashara, huduma. M-Pesa ilipoanza 2007 ilitumia simu ambazo watu walikuwa nazo tayari na vibanda vilivyokuwapo. Jamaa walio ughaibuni walituma dola bilioni 4.19 mwaka 2023, zaidi ya mara mbili ya mtaji wa moja kwa moja kutoka nje. Fedha hizo nyingi zinakwenda kwenye karo, chakula, hospitali na, ndiyo, viwanja, ambavyo tumeshakubaliana havihesabiwi.

Tanzania haijauza hati fungani kama zile kwenye masoko ya dunia. Ilitegemea kodi, mikopo nafuu ya mashirika ya kimataifa, mikopo ya benki za biashara za nje kwa reli, na bwawa ikalilipia kwa kiasi kikubwa kutoka mfuko wake. Deni lake liko chini ya nusu ya Pato la Taifa, wakati la Kenya limevuka asilimia 60. Nafasi ya kupumua ipo. Lakini fedha zinazojenga bwawa ni zilezile ambazo zingemlipa mkandarasi mdogo wa barabara ya Sumbawanga, na mkandarasi asipolipwa, muuza nondo wake halipwi. Sekta binafsi ya Tanzania ina fedha kidogo mkononi kuliko inavyostahili nchi inayowekeza asilimia 40.

Mtaji wa moja kwa moja kutoka nje, ambao viongozi wa pande zote huupigia debe kwenye makongamano, ni kati ya dola bilioni 1 na 2 kwa mwaka kwa kila nchi. Pima hiyo dhidi ya bilioni 19 na 31. Wanaojenga nchi hizi ni serikali zao na watu wao.

Basi uchague ipi

Kama wewe unauza saruji, nondo, nyaya, pampu, mafuta ya mitambo, au una kampuni ya kukodisha makatapila, nenda palipo na 40. Hiyo asilimia ndiyo oda zako. Angalia tu mkataba wako unalipwa na nani na kwa siku ngapi, na uwe na mtaji wa kusubiri.

Kama unauza kitu kinachonunuliwa na mtu mwenye mshahara kila mwisho wa mwezi, 40 haikusaidii sana leo. Kenya ina pato kubwa zaidi kwa mtu na soko la mjini lililozoea kulipia huduma. Uwekezaji wake mdogo ni tatizo la miaka kumi ijayo kuliko la duka lako la mwaka huu.

Kama una akiba na unataka hati fungani, kiwango cha uwekezaji wa taifa karibu hakikuhusu. Unachotaka kujua ni deni, riba na thamani ya shilingi.

Kama ni mpanga sera au mwanafunzi na unatafuta nchi ya kuigwa, mimi ningeiga nusu nusu: namna Tanzania ilivyoendeleza ujenzi bila kujifunga kwenye masoko ya dunia, na namna mkulima na mfanyabiashara wa Kenya alivyowekeza mwenyewe bila kusubiri utepe ukatwe. Ila kabla ya zote mbili ningetazama laini za kusafirishia umeme. Kule Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, Kenya ilikuwa na mitambo 365 ya upepo, megawati 310, iliyokamilika 2017. Upepo ulikuwapo. Laini ya zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa haikuwapo, maana mkandarasi wake kutoka Hispania alifilisika, na mlipa kodi akabebeshwa fidia ya mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao hakuupata, mpaka laini ilipounganishwa Septemba 2018. Miaka sita baadaye Rufiji ikazidiwa na umeme huku Kilimanjaro ukipungua.

Wapimaji wengi hutumia asilimia ya pato kwa sababu ni rahisi kulinganisha. Itumie, lakini kitabu cha hali ya uchumi kikitoka, usiishie kwenye jumla. Shuka hadi pale ukuzaji rasilimali unapogawanywa: majengo na ujenzi mwingine upande mmoja, mitambo na vifaa upande wa pili. Ujenzi ukipanda miaka mitatu na mitambo ikabaki palepale, ujue majengo yanasubiri vitu vya kuwekwa ndani. Kwa Tanzania, mstari wa kuufuatilia sasa ni huo wa mitambo, kwa sababu bwawa limekwisha na umeme upo. Kwa Kenya ningefuatilia mikopo ya benki kwa viwanda, nione kama riba ya serikali, ambayo imeshuka tangu 2024, imeshuka vya kutosha kumfanya yule mrithi wa kiwanda cha mabati aanze kuulizia bei ya mashine.